Msaada: "take off" moja inanitoa jasho. Jikoni kwenu mnasemaje?

MtafsiriWaUmoja (mwenye uzi)

Habari za jioni, wadau. Nina kazi ya kutafsiri kijitabu cha maelezo ya sufuria ya presha, Kiingereza kwenda Kiswahili. Kurasa 12 tu. Nilipoipokea nilijua ni kazi ya wikendi moja. Maji nimeshayavulia nguo, sasa ndiyo nasikia baridi.

Kinachonikwamisha ni "take off". Aliyeandika kijitabu hiki anaipenda kuliko mtoto anavyopenda chipsi. Karatasi ya plastiki inayokinga sufuria mpya, "take off". Sufuria ikishaiva kwenye moto, "take off". Kifuniko, "take off". Mpira unaozunguka kifuniko ukitaka kuuosha, "take off". Kidude cha mvuke juu ya kifuniko, hivyo hivyo. Ukipika mboga laini, dakika 5 nazo "take off". Halafu kuna kikapu cha ndani, ambacho kwa huruma zake amekiandikia "take out".

Nikaandika "ondoa" mwanzo hadi mwisho. Mteja (jina nalihifadhi, bado sijalipwa) akanirudishia na sentensi moja: "Haina kosa, lakini haisomeki." Nikaudhika. Jana jioni nikamsomea mama akiwa anapika. Nilipofika "ondoa sufuria kwenye moto" akageuka na mwiko mkononi: "Niiondoe niipeleke wapi?"

Kiswahili nilikifanya mpaka kidato cha nne na nikafaulu vizuri tu. Lakini mimi ni wa Umoja, hapa Nairobi, nyumbani tunasema "toa" mambo yakaisha. Nisaidieni.

SokoHalilali

Andika "toa" kila mahali, ulale. Nairobi nzima itakuelewa.

BintiMvita

Mwenye uzi, mamako ana haki. Kuondoa ni kukifanya kitu kisiwepo pale kilipo, basi. Kanjo, askari wa jiji, akikwambia "ondoa gari hapa" hana haja ya kujua utalipeleka wapi, mradi lisiwepo. Sasa sufuria ya maharagwe imekosa nini hata ifukuzwe jikoni?

Kwetu sufuria hutelekwa, chakula kikiiva huepuliwa. Wengine husema kuipua, ni mamoja. Karatasi iliyogandishwa hubanduliwa. Kifuniko hufunuliwa. Chakula hupakuliwa. Dakika hupunguzwa, hilo hata huku Pangani ninakoishi sasa lasemwa. Mpira na hicho kidude nawaachia wenye sufuria hizo, mimi bado napikia za kawaida.

Na hapo hatujatoka jikoni. Nguo za kambani twazianua. Embe mtini twaliangua. Kuku twamnyonyoa manyoya, mbuzi twamchuna ngozi, samaki twampaa magamba, mahindi twayapukuchua. Mzungu akitaka aweza kuyazungukia yote hayo kwa "take" na kimkia nyuma yake. Sisi hatuna mkia, tuna vichwa vingi.

MtafsiriWaUmoja

BintiMvita, shukran sana dadangu. "Epua" nililisikia mara ya mwisho kwa nyanya. Lakini sasa mtu kama mimi atajuaje lipi ni la wapi? Nikariri orodha?

MwalimuMstaafu

Huna haja ya kukariri, mwanangu. Kila ukikutana na "take off" jiulize swali moja tu: kitu hicho kilifikaje pale?

Kilivaliwa? Kivue. Kiwe shati, kiwe pete, kiwe miwani, kiwe kofia, hata cheo, maana magazeti yetu kila mwaka yana mtu aliyevuliwa madaraka. Kilianikwa? Kianue. Kilibandikwa? Kibandue. Kilifunikwa? Kifunue. Kilichomekwa? Kichomoe. Kilitungikwa? Kitungue, na ndiyo maana hata ndege ya kivita ikidunguliwa angani wengine husema imetunguliwa, kana kwamba ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari. Kilipakiwa? Kipakue. Hili la mwisho limefika mbali: vijana leo wanapakua picha na programu kwenye simu kwa kitenzi kile kile ambacho bibi zao walipakulia ugali.

Hiyo ndiyo kauli ya kutendua mliyokuwa mkiipigia kelele darasani mkisema haina faida. Kitenzi kinarudi nyuma kupitia njia kiliyokuja nayo. Mwisho wake huwa ni -ua, isipokuwa mzizi ukiwa na "o", hapo husikika -oa: tega ni tegua, ziba ni zibua, lakini choma ni chomoa. Ulimi wenyewe hukuongoza.

Tahadhari mbili. Kwanza, si kila chenye -ua kimetendua kitu. Kununua si kuacha kununa, ingawa wapo wanandoa watakaobisha. Pili, si kila kuondoa kuna jozi. Unateleka lakini unaepua, maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Na jino je? Jino hakuna aliyelipanda, lakini linang'olewa, kama mti, kama msumari uliozama. Ndoo iliyodondoka kisimani hakuna aliyeiweka, bado inaopolewa. Kwa hiyo swali la "kilifikaje" likikosa jibu, uliza la pili: kimeshikiliwa na nini? Udongo, maji, gundi, uzi? Kiswahili kinaangalia hapo.

KijanaWaKayole

Mwalimu heshima zako, lakini mnafanya lugha iwe mtihani. Toa nguo kwa kamba. Toa sufuria kwa moto. Toa viatu. Toa jino. Nani hapa amewahi kukosa kuelewa? M-Pesa tunayo tangu 2007 na siku zote tunatoa pesa, sijaona mtu akiopoa. Lugha ni kuelewana.

KamatiYaHarusi

Kijana wa Kayole, mimi nimekosa kuelewa, tena mbele ya wageni wa harusi nzima. MC akatangaza, "Sasa vijana watoe chakula." Alimaanisha kitolewe jikoni kiletwe mezani. Wale wa upishi walikuwa wameshaweka sahani za kwanza kwa meza ya wazee. Wakasikia "toa", wakazibeba zote wakarudi nazo jikoni. Wazee walikuwa wameshanawa mikono. Mjomba wa bibi harusi hadi leo anasema tuliwanyang'anya chakula mdomoni.

"Toa" ni kuleta nje na pia ni kuchukua. Ni kutoa sadaka na kutoa takataka. Ukiwa ndani ya nyumba yako utaelewana na wako. Kijitabu kinasomwa na mtu asiyekujua.

MsusiWaKenyattaMarket

😂😂 Ngoja niwape ya kwangu. Mteja alikuja na rasta za miezi mitatu, akakaa, akafungua simu, akasema "nitoeni hizi nywele zote." Nilikuwa na kijana mgeni wa kazi, wiki yake ya kwanza. Nikageuka kuchukua kitana, kurudi nakuta amechomeka mashine ya kunyoa kwa stima na ameifungua. Mteja anasoma meseji, hana habari. Mungu alisimama nasi siku hiyo.

Kilichosukwa kinafumuliwa, bwana. Tangu siku hiyo kibandani kwangu nikisikia "toa" nauliza: kufumua ama kunyoa?

KijanaWaKayole

Sawa, hiyo ya mashine nimekubali. 😂

AuntieWaSouthB

Mmenikumbusha "remove". Sisi tuliosoma shule za hapa, "toa" yetu tuliivalisha suti ya Kiingereza ikawa "remove". Remove your book. Remove your phone. Hata "nitoe picha" kuna watoto waliisema "remove me a picture". Tukaenda nayo kazini.

Miaka ya nyuma nilifanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja Mwingereza, Lavington. Siku moja wingu limetanda, tuko wawili sebuleni, nikasimama haraka nikamwambia, "Madam, the rain is coming, let me remove the clothes." Jamani, yule mama alivyonitazama! Akashika kiti. Mpaka nilipotoka mbio kuelekea kwa kamba ndiyo akaelewa. Alicheka hadi akalia, mimi sikujua kosa langu ni nini.

Sasa leo namsoma mwalimu hapa ndiyo naelewa. Kwa Kiswahili ningesema "nikaanue nguo" na hakuna ambaye angefikiri ninazivua. Lugha yangu ilikuwa imeshatenganisha, mimi nikaenda kuchanganya kwa ya watu.

ChakiNaKifutio

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, niingie kidogo kwa upande huo, maana tunakionea. Auntie, ungesema "take the clothes in" ungekuwa salama, na "take the clothes off" ungekuwa umezidi kuharibu.

Vile vimkia ndivyo vinavyobeba kazi. "Off" ni kutoka juu ya uso wa kitu: kifuniko juu ya sufuria, shati juu ya mwili, stika juu ya kioo. "Out" ni kutoka ndani. "Away" ni mbali na hapa, na ndiyo maana watoto wa darasa la kwanza walifundishwa "five take away two", na upande wa Kiswahili "tano toa mbili". "Down" ni kutoka juu kuja chini, kama pazia. Kwa hiyo Mwingereza naye anaangalia kitu kilikuwa kimekaaje, ila yeye jibu analiweka mwishoni, sisi tunaliweka ndani ya kitenzi.

Pia kuna mpangilio ambao wanafunzi wangu hukosea kila muhula. Unaweza kusema "take off your shoes" au "take your shoes off", zote sawa. Lakini ukiweka kiwakilishi lazima kikae katikati: "take them off". "Take off them" ni kosa, na hakuna cha kujitetea.

Mnaocheka kwamba Kiingereza hakina neno moja la "vua": kinalo. "Doff" ni "do off" iliyobanwa, na mwenzake "don" ni "do on". Siku hizi "doff" imebakia kwa kofia na kwa vitabu. Hata "take" yenyewe ni ya kuazima, ililetwa na Waskandinavia. Waingereza wa kale walikuwa na "niman", ikafa, ikaacha kijukuu "numb", yaani mwenye ganzi, ambaye asili yake ni "aliyechukuliwa". Na hilo jina "phrasal verb" ambalo mnalitoroka kwa mtihani lilipendekezwa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford.

SokoHalilali

Na ndege ya JKIA nayo ikifanya "take off" inavua nini?

ChakiNaKifutio

Haivui kitu. Hapo "take off" haina shamirisho, kitu chenyewe ndicho kinachoinuka. Biashara ikishika kasi ghafla nayo "takes off". Mtu akitoroka bila kuaga, vilevile. Na "off" ya askari wa geti, "leo niko ofu", nayo ni ya ukoo huo huo, tumeimeza nzima bila kuitafuna.

BintiMvita

Ndege hupaa. Na samaki twampaa. Kwa hiyo "paa" moja yaweza kuchukua "take off" mbili, ya Jomo Kenyatta na ya bandani kwa wavuvi. Mwalimu, hilo nalo uliweke daftarini.

MwalimuMstaafu

Nimeliweka, mama. Ila ni vitenzi viwili vilivyogongana sura, kama kuvua shati na kuvua samaki. Ukimvua samaki kwanza baharini, halafu ukampaa, umefanya kazi mbili na hujamgusa shati.

MgeniKutokaTanga

Niko hapa Nairobi kikazi mwezi wa tatu. Kilichonishangaza ni chaja. Huku nasikia "toa simu kwa chaji". Kwetu unachomoa chaja. Lakini nisijifanye, vijana wa kwetu nao wanatoa kila kitu.

MtafsiriWaUmoja

Wadau, nimekesha. Tazameni nilivyobadilisha:

"Kabla ya kutumia mara ya kwanza, bandua karatasi ya plastiki."
"Chakula kikiiva, epua sufuria."
"Funua kifuniko."
"Chomoa mpira kwenye kifuniko, uoshe kwa maji ya uvuguvugu."
"Kwa mboga laini, punguza dakika 5."
"Pakua kikapu cha ndani."

Mpira nimeuita wa kuchomolewa kwa sababu umechomekwa kwenye mfereji wa kifuniko. Kidude cha mvuke bado kinanisumbua, kwa sasa nimeacha "ondoa".

FundiWaGesi

Mimi si mtu wa lugha, natengeneza meko na hizo sufuria. Mstari wa tatu utachoma mtu. Tafadhali usiandike "funua kifuniko" peke yake.

Kifuniko cha sufuria ya kawaida kimekaa tu juu. Cha presha kimefungwa, kinashikwa na meno pembeni. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji kwenye sufuria ya kawaida yanachemka karibu nyuzi 94, ndiyo maana githeri inakula gesi mchana kutwa na watu wanakimbilia presha. Ndani ya presha yanafika karibu nyuzi 120. Mvuke huo ukiwa bado ndani na mtu akalazimisha kifuniko, kinaruka na chakula kinamfuata. Nimeona dari zenye maharagwe. Nimeona mikono pia.

Mtu akisoma "funua" atadhani ni kuinua tu, kama kufunua ugali. Hiki kinafunguliwa kwanza.

BintiMvita

Fundi amesema kweli na mimi nimefundishwa leo. Kufunga na kufungua, kufunika na kufunua. Kifuniko hiki kimefanyiwa yote mawili, basi chataka kutenduliwa mara mbili. Na kwa mpangilio: kilichofanywa mwisho ndicho kitenduliwe kwanza.

ChakiNaKifutio

Na Kiingereza cha kijitabu kimeandika "take the lid off" tu? Hapo "off" ndiyo imezembea. Mtafsiri ana haki ya kuwa makini kuliko mwandishi.

MtafsiriWaUmoja

Nimeandika: "Ngoja mvuke uishe kabisa. Zungusha kifuniko ukifungue, ndipo ukifunue." Nitamweleza mteja kwa nini sentensi moja imekuwa mbili. Asante fundi.

FundiWaGesi

Hapo sawa. Na "mvuke uishe" uikoleze wino.

KijanaWaKayole

Swali la kweli, si ubishi. Nikiandika "epua", mtu wa miaka 20 wa Kayole atajua? Mimi nimelijua leo kwa uzi huu.

MwalimuMstaafu

Swali zuri. Ukiliweka karibu na moto atalijua. "Chakula kikiiva, epua sufuria kwenye moto." Sentensi nzima imemshika mkono, hana pa kupotelea. Wewe "pakua" ya kwenye simu ulifundishwa na nani?

KijanaWaKayole

Hakuna. Niliiona tu kwa simu nikabonyeza.

AuntieWaSouthB

Haya, na ukiliona "epua" ubonyeze.

MsusiWaKenyattaMarket

Mimi naomba siku nyingine tufanye uzi wa rangi ya kucha. Inatolewa, inafutwa ama inakwanguliwa? Wasichana wangu wanagombana kila siku, na anayekwangua ananiharibia wateja.

BintiMvita

Kwa dawa yafutwa. Anayekwangua mfukuze. Huyo ndiye wa kuondolewa.

MtafsiriWaUmoja

Ripoti ya mwisho kabla sijatuma. Nimemsomea mama tena, safari hii kijitabu chote. Bandua, akaendelea kukata sukuma. Epua, akaitikia "mm". Kufungua na kufunua, akasema hivyo ndivyo alivyofundishwa na mwajiri wake wa kwanza Mombasa, kabla mimi sijazaliwa. Nilipofika "pakua kikapu cha ndani" akaweka kisu chini.

"Kikapu kiko ndani ya maji?"

Nikasema ndiyo, maji ya moto, viazi viko ndani ya kikapu.

"Basi viazi ndivyo utakavyovipakua, ukishaviweka karibu na sahani. Kikapu unakiopoa."

Mwalimu alikuwa ameshaniambia hapa hapa, ya ndoo na kisima, nikapita juu yake. Nimebadilisha. Kimebaki kile kidude cha mvuke tu. Hakijafungwa, hakijachomekwa, hakijabandikwa. Kimekalia tu kijibomba chake kwa uzito wake, na mvuke ukijaa kinacheza. Mama amekitazama pichani muda mrefu, ameshindwa. Fundi naye anasema kazini kwake wanakiita "filimbi" na hawana kitenzi chake. Mwenye neno alete, natuma kesho saa tatu asubuhi.

SokoHalilali

Toa.